Mhadhiri wa mawasiliano anasikiliza nini?

Fungua ukurasa wa walimu wa idara yoyote ya mawasiliano ya chuo kikuu, usome sehemu ya maeneo ya ufundishaji na utafiti. Wa kwanza anachambua hotuba za wanasiasa wa karne ya 19. Anayemfuata anatafiti mazungumzo ya daktari na mgonjwa. Wa tatu anafuatilia uvumi mitandaoni, wa nne anaangalia jinsi wafanyakazi wanavyopokea maagizo ya wakubwa wao, na wa tano ameorodhesha maneno mazito, jinsia, utambulisho, utamaduni, mamlaka, bila kueleza anayafanyia nini. Wote wana ofisi kwenye korido moja, wanahudhuria vikao vilevile vya idara, na shahada wanayoitoa ina jina moja.

Nimeishi kwenye korido za namna hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wanaojiandaa kwa uzamili ni hili: nani ananifaa? Wengi huja wamekwishachagua kwa mada. Anayependa mitandao ya kijamii amemtafuta aliyeandika mitandao ya kijamii. Hakuna aliyewaambia vinginevyo. Ila mada ndiyo kitu chepesi kuliko vyote katika maisha ya mhadhiri. Aliyekuwa akitafiti redio leo anatafiti podikasti, aliyeandika tasnifu juu ya mabango ya kampeni sasa anaandika juu ya video fupi za simu, na kesho watahama tena. Kisichohama kirahisi ni aina ya ushahidi anaouamini: anachokaa nacho mezani kutwa nzima, anachokisikiliza, anachokihesabu, anachokisoma mara kumi bila kuchoka. Ukiwa chini ya usimamizi wake, hicho ndicho utakachokaa nacho na wewe. Kwa hiyo huwa nawaambia wamsome mhadhiri kwa swali moja: huyu anasikiliza nini?

Mchanganyiko wa korido yetu una historia yake. Novemba 1914, mjini Chicago, walimu 17 wa kuhutubia walijitenga na chama cha walimu wa Kiingereza cha Marekani, wakaunda chama chao wenyewe. Walikuwa wamechoka kuwa wageni katika idara za fasihi, ambako somo la kusimama na kusema na watu lilichukuliwa kuwa jambo dogo. Chama kile ndicho leo kinachoitwa National Communication Association. Naomba msomaji atambue watu hao walikuwa nani: walikuwa walimu. Darasa walikuwa nalo kabla ya utafiti, na ikawabidi watafute utafiti unaolingana na darasa lao. Mwaka 1925 Herbert Wichelns akawapa dira. Alisema mhakiki wa hotuba hashughulikii uzuri wake wa kudumu, kama afanyavyo mhakiki wa mashairi. Anashughulikia athari yake kwa hadhira iliyolengwa, kwa wakati ule.

Mkondo wa pili ulitoka kwa wanasosholojia, wanasaikolojia na wataalamu wa siasa waliotaka kujua redio na magazeti yanawafanyia watu nini. Katika kampeni ya urais ya 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake waliwarudia wapiga kura walewale wa Erie County, Ohio, mwezi baada ya mwezi, wakiwauliza wanaelekea wapi na kwa nini. Walitarajia kuiona nguvu ya redio. Walichokiona, na wakakichapisha mwaka 1944, ni kwamba watu waliwasikiliza zaidi watu wa karibu yao, na kwamba baadhi ya hao ndio waliokuwa wakifuatilia habari na kuzifikisha kwa wengine. Harold Lasswell, mwaka 1948, akaukusanya utafiti wa aina hiyo ndani ya swali moja refu: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa athari gani? Mwaka huohuo Claude Shannon wa maabara za Bell akachapisha nadharia yake ya hisabati. Aliwaandikia wahandisi wa simu, lakini mchoro wake wa mtumaji, njia, kelele na mpokeaji uliingia vitabu vya mwaka wa kwanza na haujatoka mpaka leo. Wilbur Schramm ndiye aliyeupa mkondo huu makao vyuoni, akianza Iowa mwaka 1943 na kuendelea Illinois miaka michache baadaye.

Mkondo wa tatu ni wa Uingereza, kutoka kituo cha utafiti wa utamaduni cha Birmingham alichokianzisha Richard Hoggart mwaka 1964 na ambacho Stuart Hall alikuja kukiongoza. Hall alihoji dhana kwamba ujumbe unafika jinsi ulivyotumwa. Mtazamaji wa televisheni anaweza kuupokea kama mtangazaji alivyokusudia, anaweza kuukubali nusu na kuukataa nusu, na anaweza kuukataa wote akausoma kwa jicho la upande mwingine kabisa.

Wajukuu wa mikondo hii mitatu ndio wanaogawana korido. Ndiyo maana kurasa zao za wasifu hazifanani.

Sasa nikae kidogo na kundi ninalolijua kwa karibu, la wanaosikiliza mazungumzo yenyewe. Harvey Sacks, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipata nafasi ya kuchunguza simu zilizopigwa kwenye kituo cha kuzuia kujiua cha Los Angeles. Wahudumu walikuwa na shida moja ya kazi: baadhi ya wapiga simu hawakutaja majina yao. Mhudumu alipopokea simu kwa kujitaja jina, kwa kawaida mpigaji naye alijibu kwa kutaja lake. Mpigaji mmoja hakufanya hivyo. Baada ya mhudumu kujitaja, alisema hasikii. Mhudumu akarudia jina lake, mpigaji akalitamka jina lile kama anayehakikisha, na mazungumzo yakasonga mbele. Nafasi ya mpigaji kujitaja ilikuwa imepita, na hakuna aliyekataa chochote. Sacks aliona kwamba "sikusikii" ilikuwa imefanya kazi: ilikalia mahali ambapo jina lilipaswa kukaa.

Nikifika hapo darasani, wanafunzi hunyamaza kwanza, halafu mmoja husema labda simu ilikuwa mbovu kweli. Ni pingamizi zuri, na sipendi kulipita haraka. Jibu la kundi hili ni kwamba huhitaji kuingia moyoni mwa mpigaji kujua alikusudia nini. Unaangalia maneno yamefanya nini kwa yaliyofuata, kisha unatafuta rekodi nyingine uone kama mahali palepale panatumika vilevile. Kutokana na ukaidi huo wa kubaki na kilichosikika, Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha mwaka 1974 maelezo ya jinsi watu wanavyopokezana zamu za kusema. Jefferson alibuni alama za kunakili ambazo zinatumika hadi sasa: mabano ya mraba mahali sauti mbili zinapogongana, nukta mbili baada ya irabu iliyovutwa, na ukimya ukiandikwa kwa sehemu za kumi za sekunde ndani ya mabano.

Mtu asiyewahi kufanya kazi hii hudhani ni ya karani. Akae na rekodi ya sekunde kumi ataona. Mara ya kwanza unasikia maneno. Ukirudia unasikia pumzi iliyovutwa kabla ya neno la kwanza. Ukirudia tena unagundua aliyeulizwa amechelewa kidogo kujibu, kisha ameanza kwa "aah, unajua", na unakumbuka kwamba watu wanaokubali hawachelewi hivyo. Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Tanya Stivers ilichapisha ulinganisho wa lugha kumi kutoka mabara mbalimbali na kukuta kwamba kati ya swali na jibu kwa kawaida hupita muda mfupi mno, wastani wa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwamba lugha hizo zinatofautiana kwa kiasi kidogo tu. Katika muda huo mfupi, kucheleweshwa kwa nusu sekunde kunasikika kama habari. Mwanafunzi akishalisikia jambo hili hawezi tena kurudi kusikiliza kama zamani, na mimi huifurahia sana siku hiyo.

Faida yake kwa watu nje ya chuo si ya kubahatisha. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa rekodi za ziara 74 za wagonjwa kwa madaktari. Katika ziara 17 tu mgonjwa aliachwa akamaliza kueleza kilichomleta. Katika ziara 51 daktari aliingilia kati, na kwa wastani aliingilia baada ya sekunde 18. Mara nyingi hakuingilia kwa ukali. Aliuliza swali la maana kabisa kuhusu tatizo la kwanza lililotajwa. Lakini swali lile lilifunga mlango, na tatizo la pili au la tatu, ambalo pengine ndilo lililokuwa zito, halikupata nafasi ya kutajwa. Usingeyapata haya kwa dodoso. Daktari angeulizwa kama anawasikiliza wagonjwa wake angejibu kwa moyo safi kwamba anawasikiliza.

Kwa hiyo ukikuta wasifu umeandikwa "mawasiliano ya afya", usiridhike. Mmoja mwenye maneno hayo anarekodi vyumba vya daktari na kuhesabu sekunde za ukimya. Mwingine anapima kama tangazo la chanjo lenye picha linawashawishi watu kuliko lenye takwimu. Wa tatu anahojiana na watu wanaoishi na ugonjwa wa muda mrefu kuhusu nani wa kumwambia na nani wa kumficha. Mada ni moja, kazi ni tatu, na mwanafunzi anayependa watu lakini akajikuta kwa yule wa majaribio ya matangazo atasononeka miaka yote ya masomo.

Kundi jingine linahesabu. Wengi hulionea, wakidhani kuhesabu ni kukimbia maana. Utafiti wao mashuhuri ni wa Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliowahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill katika uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1968, wote wakiwa hawajaamua watampa nani kura. Waliwauliza masuala gani ni makubwa nchini. Kisha walihesabu masuala yaliyopewa nafasi katika vyombo vya habari vilivyowafikia watu hao. Mpangilio wa orodha mbili ulikaribiana sana. Walipochapisha mwaka 1972 waliita kazi ya vyombo hivyo kuwa ni kupanga ajenda, na tangu hapo wazo hilo limebebwa na watafiti wengine hadi mbali mno.

Ninachokipenda kwa wanaohesabu ni kile kinachofanyika kabla ya hesabu. Chukua kichwa cha habari cha kubuni: "Waziri atetea bajeti mbele ya wabunge." Kanuni yenu inasema kila kichwa kipewe alama moja: kinaiunga mkono serikali, kinaikosoa, au hakina upande. Msomaji wa kwanza anasema hakina upande, kimeripoti tukio. Wa pili anasema kinaikosoa, maana anayetetea ni aliyeshambuliwa. Wote wawili ni werevu. Wanarudi kwenye mwongozo wa usimbaji, yaani kanuni za kutoa alama, na kuongeza sentensi: kitenzi cha kujitetea pekee hakitoshi kuonyesha ukosoaji. Kichwa kinachofuata kinavunja na sentensi hiyo. Mwongozo ulioanza kurasa mbili unafika kumi, na bado hakuna kilichohesabiwa. Mwishoni wanapima wanakubaliana kiasi gani baada ya kuondoa makubaliano ya bahati. Klaus Krippendorff, ambaye kipimo chake kinatumika sana, alipendekeza kufikia 0.800, na kama umefika angalau 0.667 basi hitimisho lako uliseme kwa tahadhari. Nimewaona wanafunzi waliokuja na hakika zote kuhusu upendeleo wa magazeti wakikaa wiki kadhaa wakibishana juu ya kitenzi kimoja, na wakatoka hapo wakiwa wasomaji bora kuliko ambavyo mhadhara wowote wangu ungewafanya.

Leo wanaohesabu wamebanwa mahali ambapo mwombaji wa uzamili anapaswa kupajua kabla hajachagua. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa na watu karibu milioni 3 kwenye Twitter tangu 2006 hadi 2017. Za uongo zilienda mbali zaidi na kwa kasi zaidi, na uwezekano wa kusambazwa tena ulikuwa juu kwa asilimia 70. Walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na mitambo, picha haikubadilika: waliosambaza walikuwa watu. Kazi kama hiyo ilihitaji mlango wa data ulio wazi. Mwaka 2018 huohuo, baada ya kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za watumiaji wa Facebook bila ridhaa yao, Facebook ilibana njia zake za kutoa data. Mwaka 2023 Twitter ikafuta fursa ya bure ya kuchukua data, na Agosti 2024 kampuni ya Meta ikakifunga CrowdTangle, chombo kilichotumiwa na wanahabari na watafiti wengi kuona yanayosambaa kwenye kurasa za Facebook na Instagram. Kwa hiyo mhadhiri aliyeandika "mitandao ya kijamii" leo lazima awe na jibu la anapata wapi anachokichunguza. Wapo waliohamia kuwaomba watumiaji wenyewe wachangie nakala za data zao. Wapo waliorudi kwenye mahojiano. Wapo wanaoendelea kuandika kutokana na mafungu ya data ya zamani. Muulize. Hatachukia, na akichukia umejua jambo.

Kundi la tatu linakaa na watu. Gerry Philipsen alifanya kazi katika mtaa mmoja wa wafanyakazi mjini Chicago, mtaa aliouficha kwa jina la Teamsterville, na mwaka 1975 alichapisha maelezo ya namna mwanamume wa pale alivyotarajiwa kusema. Kati ya wenzake wa rika na hadhi moja, alisema sana. Mbele ya watoto, au mtu wa hadhi nyingine, kutumia maneno mengi kulimpunguzia uanaume. Alitarajiwa anyamaze, achukue hatua, au amtume mtu wa kati. Philipsen alitoka hapo na jambo ambalo walimu wa kuhutubia hawakulipenda mara moja: imani kwamba kusema ndiko njia njema ya kumaliza jambo ni ya jamii fulani, si ya binadamu wote.

Hapo ndipo ninapoweka jicho la pili ninaposoma wasifu wa mwenzangu. Nadharia anazofundisha zilitokana na watu gani? Nimetaja Ohio, Los Angeles, Chapel Hill, Chicago. Sikuchagua hivyo kwa makusudi. Fani ndivyo ilivyokua. Ripoti ya tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride, ya mwaka 1980, ilieleza kwa upana jinsi habari za dunia zilivyokuwa zikitiririka kutoka upande mmoja, na nadharia zimetiririka vivyo hivyo. Molefi Asante, ambaye mafunzo yake ya uzamivu yalikuwa ya mawasiliano, alidai Mwafrika achambuliwe akiwa katikati ya historia yake mwenyewe. Frank Ugboajah, mwaka 1985, aliandika juu ya njia za mawasiliano za Kiafrika zinazosimama juu ya sauti na hadhira iliyopo, akazipa hadhi ya midia kamili. Mhadhiri anayewataja watu hawa mwishoni mwa muhula, wiki ya kumi na tatu, chini ya kichwa "mitazamo mingine", ameshakwambia anawaweka wapi. Mwenye kuwaleta wiki ya pili, wakaulizana na Lazarsfeld, ni mtu mwingine kabisa. Mpango wa kozi unasema mengi kuliko wasifu. Uombe.

Omba pia tasnifu mbili tatu alizozisimamia karibuni, uzisome sura ya mbinu. Sura ya utangulizi inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye maktaba. Sura ya mbinu ndiyo inayoonyesha kama msimamizi aliuliza maswali magumu: kwa nini watu hawa, kwa nini siku zile, nani alinakili, mliyatupa yapi. Makala zake mwenyewe zisome hivyohivyo. Na ukimwandikia, andika ushahidi kabla ya mada: ninazo rekodi za vikao hivi, nina ruhusa ya waliorekodiwa, nataka kujua mwenyekiti anafungaje mjadala. Barua ya mistari mitano ya namna hiyo hujibiwa, hata kama jibu ni kwamba mwenye kuifaa ni jirani wa mlango wa pili.

Nimebakiza darasa. Vyuo vingi hupandisha vyeo kwa makala, na hivyo safu ya "kozi ninazofundisha" imekuwa ya kujazwa haraka, chini ya safu ya utafiti. Inanisikitisha, kwa sababu katika fani hii maswali mazuri mengi yalitoka darasani. James McCroskey alianza kuchapisha vipimo vya hofu ya kuwasiliana mwaka 1970. Walimu wa kuhutubia walikuwa wakiiona hofu hiyo kila siku: mwanafunzi mwenye akili, aliyejiandaa, sauti inakauka, karatasi inatetemeka. Kipimo chake kilichoenea zaidi kina sentensi 24, sita kwa kila mazingira kati ya manne: majadiliano ya kikundi, mikutano, mazungumzo ya watu wawili, na hotuba. Alama zinaanzia 24 hadi 120. Kinachonivutia ni ule mgawanyo wa mazingira manne, maana unatenganisha watu ambao mwalimu huwachanganya. Yupo anayeogopa jukwaa tu, na ukimweka kwenye kikundi cha watu watano anawaongoza. Yupo anayehutubia bila wasiwasi na kushindwa kabisa mazungumzo ya watu wawili. Kuwapa wote zoezi moja la kupumua ni kutowaona.

Kusikiliza kulipata bahati mbaya zaidi. Ralph Nichols wa Chuo Kikuu cha Minnesota alilitafiti jambo hilo tangu miaka ya 1940 na kusisitiza kwamba linafundishika. Hata hivyo katika mitaala mingi kusikiliza ni wiki moja ndani ya kozi ya kuhutubia, na kozi nzima ya kusikiliza ukiiona, mshukuru mkuu wa idara. Tunao wataalamu wa kusikiliza, wale wa rekodi na alama za Jefferson, lakini mara nyingi wamepangiwa madarasa ya uzamili, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajui hata kwa sura.

Akili mnemba imelilazimisha suala hili. Hotuba iliyoandikwa na mashine inasomeka vizuri. Ina mwanzo, ina hoja, ina mwisho wa kupigiwa makofi, na kwa miaka mingi tulitoa alama nyingi kwa vitu hivyo hivyo. Wapo wenzangu wanaotafuta programu ya kuwanasa wanafunzi. Mimi sioni mwisho wa njia hiyo. Aristotle aliposema ushawishi unatokana na hoja, na hisia za wasikilizaji, na tabia ya msemaji, alisisitiza kwamba tabia hiyo iwaonekanie watu katika kusema kwenyewe. Hapo ndipo tulipo na faida juu ya idara nyingine: sisi tunamwona mwanafunzi akisema. Tumehamisha alama nyingi kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye dakika za maswali baada ya hotuba, na hadhira nayo inapewa alama kwa swali inalouliza, kwa sababu swali zuri haliwezi kutoka kwa mtu ambaye hakusikiliza.

Dakika hizo zimeanza kunishughulisha hata nikiwa ofisini. Mwanafunzi anamaliza hotuba iliyopangika, swali la kwanza linampata pasipotarajiwa, na kabla hajajibu anafanya kitu: wengine hulirudia swali kwa maneno yao, wengine hulisifu, wengine huanza na jibu la swali jingine walilokuwa tayari nalo. Anayelirudia swali mara nyingi hulibadilisha kidogo, likawa rahisi kuliko lilivyoulizwa, na aliyeuliza mara amkatiza, mara amwachia. Nataka kujua ni lini anamkatiza. Nimeomba kibali cha kurekodi vipindi hivyo muhula ujao kwa ridhaa ya wanafunzi, na wawili kati ya wanaofanya uzamili nami wamekubali kunakili.